Ukuta, mabaki au kuingia kwa miguu: Manza, Pemba na Tulamben kwa mzamiaji wa Tanga

Mara ya kwanza nilipomwambia mama kwamba naenda kuzamia, alikaa chini. Kwa Tanga, kijana akisema anazamia maana yake ni moja tu: anajificha kwenye meli pale bandarini, aje kuamkia Durban. Ilibidi nimtolee miwani na mapezi ndipo akashusha pumzi, kisha akauliza swali ambalo mpaka leo sina jibu lake: "Yaani unalipa hela ukae chini ya maji, halafu unarudi juu bila hata changu mmoja?"

Wenzangu wanaozamia kwa mtungi wana swali jingine, nao hulirudia kila tukikutana. Wapi mtu wa Tanga atapata sehemu ambayo anaingia majini kwa miguu yake kutoka ufukweni, anakuta ukuta wa matumbawe unaoteremka mpaka gizani, na jirani na ukuta huo kuna mabaki ya meli? Vitu vitatu, bila boti.

Kwenye pwani yetu sehemu hiyo hakuna. Utapata kimoja, ukibahatika viwili, cha tatu kitakukimbia. Nimeshazamia sehemu tatu, moja ya mbali yenye vyote na mbili za kwetu zenye baadhi tu, nazo ndizo nitakazozipanga hapa. Cha kuamua ni kipi uko tayari kukikosa.

Tulamben, ili tujue tunachokitafuta

Naanza na ya mbali kwa sababu ndiyo iliyotutia hamu wote. Tulamben ni kijiji cha kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Bali, Indonesia, chini ya mlima wa volkano uitwao Agung. Nilifika huko enzi nikifanya kazi jikoni kwenye meli ya watalii, tukapewa siku mbili za mapumziko.

Meli iliyolala pale ni Liberty, meli ya mizigo ya jeshi la Marekani. Tarehe 11 Januari 1942 nyambizi ya Japani iliitoboa kwa topido karibu na Mlango wa Lombok. Manowari mbili, moja ya Wamarekani na moja ya Waholanzi, ziliifunga kamba kuikokota hadi bandari ya Singaraja, lakini maji yaliingia kwa kasi, wakaona heri waipandishe ufukweni Tulamben isije ikazama na shehena yake. Ikakaa nchi kavu miaka 21, watu wakiibandua kilichobanduka. Mwaka 1963 Agung ukalipuka, ukaua watu zaidi ya 1,000, na mitikisiko yake ikaisukuma meli hiyo ikateleza kurudi baharini.

Leo imelala ubavu, sambamba na ufuko, karibu mita 120 za chuma kilichoota matumbawe. Sehemu yake ya juu iko mita 5 tu chini ya maji, ya chini kabisa karibu mita 30. Kutoka ukingoni unaogelea dakika chache tu, umefika. Upande wa mashariki wa ghuba hiyohiyo, pale lava ya kale ilipomwagikia baharini, kuna ukuta unaoanzia mita chache na kushuka kupita mita 60. Asubuhi unakwenda kwenye meli, unapumzika, unakula, mchana unakwenda kwenye ukuta, na siku nzima hujaikanyaga boti.

Kwa nini wao wanavyo vyote na sisi hatuna? Jibu liko kwenye ardhi yenyewe. Pale mlima hauishii ufukweni. Mteremko wake unaendelea chini ya maji kwa ukali uleule, ndiyo maana hatua hamsini zinakufikisha kwenye kina. Pwani yetu ni tambarare ya matumbawe ya kale, na mbele yake kuna mapwaji mapana yanayofunikwa na kufunuliwa kila siku. Wakati wa bamvua maji ya Tanga hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, na yakipwa huenda mbali kiasi cha akina mama kutembea na ndoo wakiokota kombe mahali ambapo saa sita kabla mashua ilikuwa inapita. Kina chetu kipo, ila kiko nje, nyuma ya mapwaji hayo. Na hata meli ikizama kwetu, volkano ya kuisogeza hatuna. Usambara ni milima tu, si volkano.

Nisikusifie tu. Ufuko wa Tulamben ni mawe meusi ya mviringo, makubwa kama maboga, yanateleza, na ukiwa na mtungi mgongoni wimbi dogo linakuangusha mbele za watu. Mitungi wanaibeba wanawake wa kijijini, wanajitwisha kichwani kama wanavyojitwisha ndoo wenzao wa kwetu, huku wewe mwanamume mzima unayumba nyuma yao. Halafu ikifika saa tatu, saa nne asubuhi, magari ya watalii kutoka kusini mwa kisiwa yanashusha watu na mabaki yanageuka soko la Mgandini. Nenda alfajiri. Na hela: hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar, na nauli ya kwenda na kurudi niliyoiona mara ya mwisho ilikuwa inanusa bei ya bodaboda mpya.

Manza: meli yetu, maji ya tope

Ghuba ya Manza iko kaskazini mwa mji wa Tanga, upande wa Mkinga. Wengi wetu tumepita barabara ya Horohoro mara mia bila kujua kilichoko pale chini, nami nilikuwa mmoja wao.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliikamata meli ya Waingereza iitwayo Rubens iliyokuwa Hamburg. Wakaipaka rangi, wakaipa jina la Kidenmark, Kronborg, wakaijaza makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, pamoja na bunduki na risasi za jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu. Nahodha wake, Carl Christiansen, aliizungusha Afrika nzima bila kukamatwa. Tarehe 14 Aprili 1915, ikiwa imeshakaribia kabisa, manowari ya Waingereza HMS Hyacinth ikaiona. Christiansen akakimbilia ndani ya Manza, akafungua milango ya maji meli ikae chini, na juu ya sitaha kukawashwa moto. Waingereza waliipiga mizinga, wakaona moshi, wakaamini kazi imekwisha, wakaondoka.

Haikuwa imekwisha. Maji yalikuwa mafupi na shehena ya chini ilikuwa imelowa tu, haikuungua. Wiki kadhaa baadaye watu walikuwa bado wanazama na kupandisha bunduki na masanduku ya risasi, risasi zikafumuliwa, baruti ikaanikwa, zikafungwa upya. Wazamiaji wa kwanza wa Manza hawakwenda kutalii.

Ukienda leo usitegemee meli. Tegemea mbavu za chuma, mabamba yaliyoliwa na chumvi, vipande ambavyo huelewi vilikuwa nini. Ghuba imezungukwa na mikoko, chini ni tope laini, na pezi moja likipigwa vibaya mnapotea wote. Siku nzuri niliyowahi kuipata pale niliona mita nne, tano hivi. Lakini ndani ya umbali huo kuna uhai: chewa wadogo kila tundu, mkunga anayetoa kichwa kama mwenye nyumba aliyesikia hodi, vitatange wawili wawili. Mimi hupapenda. Wenzangu wawili niliowapeleka waliniambia kwa heshima kwamba hawarudi.

Kuhusu kuingia kwa miguu: inawezekana, nami nimeshaadhirika kwa kuijaribu. Tuliingia maji yakiwa yamejaa, siku ya bamvua, tumechelewa kwa sababu regyuleta moja ya kukodi, kile kifaa cha kupumulia kutoka kwenye mtungi, ilikuwa inavuja tukabaki kuhangaika nayo juani. Tulipotoka maji yalikuwa yamekimbia. Tukatembea kwenye tope la magotini, kila mtu na kilo zaidi ya 25 mgongoni na kiunoni, hatua moja mbele na kiatu kimoja nyuma. Bibi mmoja aliyekuwa anachimba kombe alisimama akatutazama mpaka tukafika usawa wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmetoka kuvua?"

"Hapana bibi, tulikwenda kutazama."

"Kutazama," akasema, akarudi kwenye kombe zake.

Tangu siku hiyo nachukua ngalawa. Nahodha anakushusha juu ya mabaki, anakusubiri, na gharama yake ukiigawanya watu watatu haifiki nauli ya Dar. Kwa hiyo Manza inakupa mabaki, inakupa nusu ya kuingia kwa miguu, na ukuta haina kabisa.

Jambo moja sitanii. Ile ilikuwa meli ya silaha. Ukiona kitu chenye umbo la risasi au zaidi ya hapo, kiache kilipo. Usikiokote, usikigonge, usikipeleke nyumbani kuonyesha watoto.

Pemba: ukuta wenyewe

Kati ya Tanga na Pemba kuna mkondo wa bahari wenye kina kinachozidi mita 800. Upande wa Pemba mwamba unakatika ghafla kuingia humo, na hapo ndipo ukuta ulipo: pande za Fundo na Njao, Ras Kigomasha, na Kisiwa cha Misali mbele ya Chake. Ukiwa mita 15 unaning'inia, ubavuni una matumbawe ya rangi zote, mengine yenye umbo la pepeo yamekunjua mikono, chini ya mapezi yako buluu inazidi kuiva mpaka inakuwa nyeusi. Mara ya kwanza nilishika jaketi langu la hewa kwa mikono miwili kana kwamba nitaanguka. Siku njema unaona mita 30. Ukitoka Manza ukaja hapa, utadhani mtu amekupangusa miwani.

Misali ina jambo ambalo watu wa boti hawakuambii mapema: mwamba uko karibu sana na mchanga, unaweza kuingia kutoka ufukweni na ukafika ukingoni kwa kuogelea kidogo. Lakini kufika kwenye ufuko huo wenyewe ni kwa boti. Ndiyo hadithi yetu ya pwani nzima.

Mabaki? Kwa ajili ya mabaki watu huvuka kwenda Unguja, ambako HMS Pegasus, iliyozamishwa na Königsberg hiyohiyo tarehe 20 Septemba 1914, imelala kama mita 40, kina ambacho mzamiaji wa burudani akifika ameshagusa dari ya ruhusa yake. Si cha mwanafunzi.

Ukuta unadanganya. Kwenye mabaki kuna sakafu, ukizembea unaikalia. Kwenye ukuta ukizembea unaendelea kushuka na mandhari haibadiliki, ukiangalia saa ya kina uko mita 32. Cheti cha kwanza kinakuruhusu 18, cha pili 30. Na mkondo wa Pemba unavuta. Kuna siku unaupanda kama daladala na kushukia kituo cha mbele, kuna siku nyingine unakusukuma chini.

Hesabu ya hewa, ambayo ndiyo huamua

Watu hulinganisha picha. Linganisheni mtungi. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza mgandamizo wa angahewa moja, kwa hiyo kwenye mita 10 unatumia mara mbili, lita 40, na kwenye mita 30 mara nne, lita 80. Weka akiba ya baa 50 usiyoigusa: mita 10 unabaki na dakika 45, mita 30 unabaki na dakika 22, na humo umo muda wa kupanda taratibu na kusimama mita 5 kwa dakika tatu.

Tafsiri yake kwa hela yako ni kwamba Manza unakaa muda mrefu ukichungulia vitundu, na Liberty unaanza chini unamalizia juu, kwenye mita 5, bila haraka. Ukuta wa Pemba utakupa muda huohuo kama utakubali kubaki juu, kwenye mita 12 hivi, ambako mwanga upo na samaki wapo. Wengi hawakubali. Wanakwenda kutafuta kina, wanapata kina na kiu ya hewa.

Na Tanga penyewe?

Maziwe, mbele ya Ushongo kule Pangani, ni sehemu ya kuanzia. Ni hifadhi tangu 1975. Wazee wanakumbuka kisiwa chenye mivinje na kasa wakipanda kutaga. Miti imekwisha, mchanga umebaki, na maji yakijaa unafunikwa kabisa. Chini yake kuna mwamba mzuri unaoteremka polepole. Hakuna ukuta wala meli, na boti ni lazima. Kwa mtu mwenye cheti cha wiki iliyopita, ningempeleka huko kabla ya kwingine kote.

Ras Kazone mjini inafaa kuoshea vifaa na kufanyia mazoezi ya kuvua miwani chini ya maji, basi. Bagamoyo sijui hata niseme nini kwa upande huu: mchanga, fungu la mchanga, na maji ya Ruvu na Wami. Nenda kwa historia na pweza.

Miamba ya Tanga iliumizwa sana na uvuvi wa baruti. Kuna sehemu unapita juu ya vifusi vya matumbawe kama nyumba zilizobomolewa kupisha barabara. Milipuko imepungua mno kulinganisha na zamani, na hilo mzamiaji analisikia kwa masikio, maana sauti majini husafiri mbali na bomu la mbali unalipata kifuani. Ukisikia hata moja, panda kwa utaratibu na mfunge siku.

Kuna anayeuliza: kama Tanga hakuna ukuta, silikanti, yule samaki wa kale, anakaa wapi? Mteremko upo, huko nje, ndiyo maana tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wavuvi wa Kigombe na Mwarongo wamekuwa wakimpata kwenye jarife la kina kirefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Ila anaishi chini sana kuliko mtungi wa kawaida unavyoruhusu. Anayekuahidi kukuonyesha silikanti kwa mapezi na mtungi mmoja, mshukuru uende zako.

Nani aende wapi

Kama una cheti cha kwanza na laki chache, anza Maziwe, kisha Manza ukiwa umeshajua kuelea bila kukoroga tope. Kama unachotaka ni ukuta, usijidanganye na kitu cha karibu, weka akiba uende Pemba siku tatu, kati ya Januari na Machi, kaskazi ikiwa imelegea. Kusi ikishika, Juni na Julai, upande wa magharibi wa Pemba bado unajikinga kidogo, Maziwe inachafuka. Tulamben ni ya mtu ambaye kazi au bahati imeshampeleka upande huo wa dunia. Kupanda ndege tatu kwa ajili yake tu, mimi nisingefanya, na nimefika nikaipenda.

Kurudi pia kuna hesabu yake. Kutoka Pemba ukirudi kwa kindege, ngoja saa 18 baada ya kuzamia siku mfululizo, kwa sababu nitrojeni iliyoingia mwilini hutoka polepole na ukipanda hewani mapema inatengeneza mapovu kwenye damu na viungo. Hilo wengi wanalijua. Wasilolikumbuka ni kwamba milima nayo ni hewani. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Nimeona watu wanazama asubuhi na mchana wanapakia mabegi kwenda kulala Lushoto kwa ajili ya baridi. Walale Tanga, wale katlesi, wapande kesho yake. Na kabla ya kulipa popote, muulize mwenye kituo ni wapi penye chumba cha mgandamizo, cha kutibia mapovu hayo, kilicho karibu na mgonjwa anafikishwaje. Akianza kucheka, tafuta mwingine.

Ukichagua Manza, siku haichaguliwi kwa kalenda ya ofisini. Achana na bamvua la mwezi mwandamo na la mwezi mpevu. Subiri mwezi uwe nusu, maji yafe, mkondo ulegee na tope litulie. Siku hizo maji yetu hujaa kwenye saa nne hivi asubuhi. Mpigie nahodha jioni yake akuthibitishie, na ikifika saa tatu na nusu muwe mmeshavaa, regyuleta zimeshajaribiwa, mmekaa kwenye ngalawa mkisubiri maji yasimame.